Mlalamishi Asiyetaka Mapinduzi: Raia Mhafidhina wa Busia na Tororo katika Uhakiki wa Fasihi ya Upinzani

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtafuta mpinzani wa serikali miongoni mwa vijana, wafanyakazi na wanaharakati. Makala haya yanamwangalia mtu mwingine: raia mhafidhina, anayemheshimu mzee, kiongozi wa dini, chifu na sheria, na ambaye hata hivyo ameichoka serikali. Tamthilia mbili, Kigogo ya Pauline Kea na Usaliti Mjini ya Francis Imbuga, zinasomwa sambamba na historia ya Busia na Tororo: ghasia za Bukedi za mwaka 1960, waraka wa maaskofu wa mwaka 1977, magendo, na mvutano kuhusu kugawanywa kwa Wilaya ya Tororo. Hoja ni kwamba raia huyu hulalamika kwa jina la utaratibu uleule ambao serikali inadai kuulinda, na kwamba wahakiki, sawa na watawala, wamezoea kuuhesabu ukimya wake kuwa ridhaa.

Neno na mtu wake

Neno mhafidhina limekosa bahati katika Kiswahili cha siasa. Mzizi wake ni ule wa hifadhi, na aliyeihifadhi Kurani moyoni huitwa hafidhi kwa heshima. Lakini mwandishi wa habari akiandika "wahafidhina", hasa anapozungumzia siasa za Zanzibar, msomaji huelewa mara moja kwamba wanakusudiwa watu wagumu ndani ya chama tawala wasiotaka maridhiano. Mhafidhina amekuwa mtu wa serikali. Kwamba anaweza kuwa na hasira na serikali hiyo, tena hasira ya miaka mingi, ni jambo ambalo neno lenyewe sasa linalificha.

Hapa neno linarudishwa kwenye mzizi wake. Raia mhafidhina ni yule anayeamini kwamba yapo mambo yaliyopokelewa ambayo hayapaswi kuvunjwa ovyo: mipaka ya ardhi ya ukoo, taratibu za mazishi, kauli ya mzee, ibada, kiapo cha mtawala, sheria iliyotangazwa. Hataki serikali iondoke. Anataka ifanye kazi yake. Akiikasirikia, huikasirikia kwa sababu imeacha kuwa serikali.

Busia na Tororo ni mahali panapofaa kumtazamia mtu huyu, kwa kuwa huko mambo mengi yaliyopokelewa yamekatwa na mstari. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka uliotokana na uamuzi huo uliwapitia katikati Wasamia na Wateso, na hadi leo iko Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, iko Malaba ya huku na Malaba ya kule. Mtu anaweza kuwa na kaburi la babu yake upande mmoja na kadi ya kura upande wa pili. Kwa raia wa namna hii serikali ni mbili, na kila moja anaipima kwa nyingine.

Lugha nayo haikukaa sawa pande zote. Upande wa Kenya, Kiswahili ni lugha ya baraza la chifu: ndimo raia anamosimama, akaomba ruhusa ya kusema, akaisalimu serikali kabla ya kuilaumu. Upande wa Uganda, utawala uliowekwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20 ulileta vyeo vya Kiganda, gombolola na vinginevyo, na kuifanya Luganda lugha ya ofisi na ya kanisa. Kiswahili kikabaki cha soko, cha polisi na cha kambi ya jeshi, na baadaye kikabeba kumbukumbu ya askari wa Idi Amin. Mzee wa Tororo akilalamika kwa Kiswahili, haieleweki mara moja kwamba analalamika kwa adabu. Mtafiti anayekusanya matini za malalamiko mpakani bila kuzingatia tofauti hiyo atahesabu maneno na kukosa sauti.

Sagamoyo na Kafira

Kigogo ni tamthilia iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya kama kitabu teule, na kwa hiyo imechangia sana picha waliyo nayo kuhusu namna serikali inavyopingwa. Mtawala Majoka amelifunga soko la Chapakazi. Tunu na Sudi wanaongoza upinzani. Sudi anakataa keki ya sherehe za uhuru na kazi ya kuchonga kinyago cha shujaa wa watawala. Tunu anavamiwa na kuumizwa, na bado anarudi. Upande wa pili wako Boza, mchongaji mwenzake Sudi, anayeipokea keki hiyo na kumtetea mtawala, na Ngurumo, anayelewa na kuusifu utawala kwa sababu ya ulevi huo.

Mgawanyo huu una nguvu jukwaani, na hakuna haja ya kumlaumu Kea kwa kutoandika tamthilia nyingine. Tatizo liko katika usomaji. Mhakiki anapoifanya Sagamoyo kuwa kielelezo cha jamii ya Afrika Mashariki, anabaki na raia wa aina mbili tu: anayepigania haki na anayekula keki. Mama mwenye kibanda sokoni, anayelipa ushuru kila asubuhi, anayechukia kelele za maandamano na bado anajua kwamba kufungwa kwa soko ni dhuluma, hana mahali. Akikaa nyumbani siku ya maandamano atahesabiwa pamoja na Boza.

Hata hivyo tamthilia yenyewe ni pana kuliko wahakiki wake. Umati unapokusanyika sokoni na mtawala anapotaka risasi zitumike, anayeamua mambo si Tunu wala Sudi bali Kingi, mkuu wa polisi, anayekataa kutii. Kea anampa Kingi nafasi finyu, na miongozo ya shuleni humtaja kwa sentensi moja au mbili kisha ikaendelea. Lakini bila kukataa kwake, ujasiri wa Tunu ungeishia makaburini. Kingi hakuwahi kuwa mwanaharakati. Ni mtu wa amri, na siku hiyo anaona kuwa amri aliyopewa imetoka nje ya kazi yake. Kukataa kwake ni upinzani wa kihafidhina kwa maana kamili ya neno, na inashangaza kwamba uhakiki haujampa jina.

Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, si mbali sana na Busia, alikuwa amelifikia jambo hili mapema zaidi. Betrayal in the City, iliyochapishwa mwaka 1976 na ambayo Kiswahili chake kinajulikana kama Usaliti Mjini, inafunguka kwenye kaburi. Doga na Nina ni wazee waliompoteza mwana wao Adika, mwanafunzi aliyeuawa. Hawaombi uchaguzi, hawadai katiba. Wanataka kufanya desturi ya kunyoa nywele baada ya maziko, basi. Serikali ya Kafira inaipiga marufuku desturi hiyo kwa ajili ya kile inachokiita amani, na wanajeshi wawili, Jere na Mulili, wanatumwa kuizuia.

Hapo ndipo Nina anapotishia kuvua nguo mbele yao. Mhakiki wa mjini anaweza kukiona kitendo hicho kama ukosefu wa adabu au kama uasi wa kijinsia. Katika jamii nyingi za eneo hili ni kinyume chake: ni laana, silaha ya mwisho ya mama, na ina nguvu kwa sababu tu anayeitumia ni mtu wa heshima aliyejistiri maisha yake yote. Kina mama waliovua nguo katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi mwaka 1992, walipokuwa wakidai kuachiliwa kwa wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, hawakubuni lugha mpya. Walitumia lugha ya zamani kuliko serikali yenyewe, na polisi waliokuwa mbele yao waliielewa bila mkalimani.

Jere anaielewa pia. Anataka wazee waachwe wafanye desturi yao, anagombana na Mulili, na matokeo yake ni gereza. Wazee wanauawa. Tangu hapo tamthilia inaelekea mjini, ikulu na kwenye mchezo ndani ya mchezo ambao Jere na wenzake wanaugeuza kuwa mapinduzi halisi. Wahakiki wengi wameuandikia mwisho huo. Mwanzo una uzito zaidi: mapinduzi ya Kafira yanaanza na ombi dogo la wazee wawili lililokataliwa, na mwanajeshi aliyepindua serikali alikuwa, kitendo cha kwanza, mtu aliyetaka desturi iheshimiwe. Imbuga haonyeshi njia yoyote ya katikati kati ya kunyoa nywele na kushika bunduki. Huo ndio ukali wa tamthilia yake, na ndipo historia ya Tororo inapohitaji kusomwa kando yake.

Bukedi, Januari 1960

Mwezi Januari 1960 Wilaya ya Bukedi, ambayo ilijumuisha Tororo na Samia-Bugwe, yaani Busia ya leo upande wa Uganda, ilikumbwa na ghasia. Nyumba za machifu zilichomwa moto, watu waliuawa, na serikali ya kikoloni ikaunda tume ya kuchunguza machafuko ya Jimbo la Mashariki. Malalamiko makuu yalihusu namna kodi ya madaraja ilivyokadiriwa na namna machifu walivyoteuliwa na kutumia madaraka yao.

Historia ya uhuru wa Uganda hupata tabu na tukio hili. Uhuru ulikuwa umebaki miaka miwili na miezi kadhaa, lakini waliochoma nyumba za machifu hawakuwa wakiimba nyimbo za uhuru. Walikuwa wakulima waliopinga mkadiriaji kuliko walivyopinga kodi. Mtu mwenye ng'ombe wawili alikadiriwa sawa na mwenye kumi kwa kuwa hakuwa jamaa wa chifu: malalamiko ya aina hiyo hayadai serikali nyingine, yanadai hesabu ya haki. Msomaji wa Usaliti Mjini atatambua mwendo. Hasira iliyoanza kama dai la utaratibu iliishia katika moto, na iliishia huko kwa sababu aliyetakiwa kupokea malalamiko ndiye aliyelalamikiwa. Chifu alikuwa mkadiriaji, mkusanyaji, na mlango wa kufikia ngazi ya juu.

Kodi ya madaraja yenyewe iliendelea baada ya uhuru hadi ilipofutwa mwaka 2005, uchaguzi wa mwaka uliofuata ukiwa karibu. Serikali huru ilirithi chombo ambacho wakulima wa Bukedi walikuwa wamekwisha kukitolea hukumu, na ikakitumia kwa zaidi ya miaka 40.

Waraka na njia ya kuvuka

Mfano wa pili una sura nyingine kabisa. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari wa Idi Amin waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum mjini Kampala wakidai kutafuta silaha. Nyumba ya Yona Okoth, askofu wa Bukedi, mjini Tororo, nayo ilipekuliwa. Maaskofu wa Kanisa la Uganda walikutana na kumwandikia rais waraka wa tarehe 10 Februari. Luwum aliuawa tarehe 16. Okoth akavuka mpaka na kuingia Kenya. Miaka ya 1980 alikuja kuwa Askofu Mkuu yeye mwenyewe.

Kwa mhakiki wa lugha waraka huo ni matini ya thamani kubwa, na ni ajabu kwamba haufundishwi katika kozi za balagha. Waandishi wake ni viongozi wa taasisi iliyolelewa na dola. Wanamwita rais kwa heshima zake zote. Wanaeleza kilichotokea kwa mpangilio, wanalalamikia bunduki kugeuzwa dhidi ya raia ambao ziliwekwa ziwalinde, na wanaomba nafasi ya kuzungumza naye. Hakuna tusi, wala wito wa maandamano. Bado utawala uliusoma kama tangazo la vita, na kwa namna fulani haukukosea: mtu mwenye adabu anapoandika kwamba mambo yamezidi, amekwisha kumaliza njia nyingine. Kosa la utawala lilikuwa kudhani kwamba kumuua mwandishi kunafuta alichokisema.

Kuvuka kwa Okoth kunakumbusha kwamba mpakani njia ya tatu ipo daima, ambayo si kunyamaza wala kupigana. Ni kuondoka. Katika miaka hiyohiyo wakulima wasiojulikana majina walikuwa wakivusha kahawa kwenda Kenya, kwa sababu bodi ya serikali ililipa kidogo, ilichelewa, au haikulipa. Amin alitoa mwaka 1975 amri iliyounda mahakama ya makosa ya uchumi, na magendo yakawa kosa la kuweza kumfikisha mtu kwenye kifo. Biashara haikusita. Kiswahili ndicho kilichoupa uchumi wa Uganda wa enzi hiyo majina yake: magendo, na mafuta mingi kwa wale waliogawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Magendo liliingia hata katika uandishi wa kitaaluma wa Kiingereza, pale Nelson Kasfir alipolitumia mwaka 1983 kueleza uhusiano wa dola na matabaka nchini Uganda.

Inafaa kujihadhari na kishawishi cha kumpamba mvushaji. Magendo yaliwatajirisha maofisa wa jeshi kuliko mkulima yeyote, na bei zilizopanda ziliwaumiza walimu na manesi waliobaki na mishahara yao. Lakini kulisoma neno hilo kama jina la uhalifu tu ni kuusoma mpaka kwa macho ya forodha. Mkulima mwenye gunia moja, akivuka usiku ili alipe karo ya shule ya misheni, hakuwa mwasi. Alitaka mtoto asome, kanisa lipate zaka na deni lilipwe. Serikali ndiyo iliyoyafanya mambo hayo ya kawaida kuwa kosa.

Tororo ya sasa: mipaka ndani ya mpaka

Tangu katikati ya miaka ya 2000 Tororo imekuwa na mvutano unaoonyesha vizuri zaidi namna malalamiko ya kihafidhina yanavyofanya kazi leo. Wateso wa kaunti ya Tororo wamedai wilaya yao. Wajapadhola wa Budama Magharibi wamepinga manispaa ya Tororo kuchukuliwa pamoja nayo. Kila upande una taasisi yake ya utamaduni, Tieng Adhola kwa Wajapadhola na Umoja wa Utamaduni wa Wateso kwa Wateso, na kila upande umepeleka hoja zake serikalini mara nyingi.

Hoja zenyewe ndizo zinazovutia. Pande zote mbili hurejea ramani, kaunti za kikoloni, makaburi na majina ya mahali. Hakuna upande unaodai jambo jipya, kwani kila mmoja hudai kurudishiwa au kuachiwa kilichokuwapo. Mtawala anayesikiliza haraka atasema huu ni ukabila na kuahirisha. Kuahirisha huko kumekuwa sera. Kila uchaguzi ahadi hufufuliwa, kisha hulala. Kwa raia wa kihafidhina hakuna dharau kubwa kuliko hiyo: akikataliwa angejua pa kukata rufaa, lakini asiyejibiwa anarudi kijijini bila neno la kuwaambia waliomtuma.

Hapa wahakiki na washauri wa sera wanakutana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 29, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, zote zinaweka haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani sambamba na haki ya kuwasilisha ombi kwa wenye mamlaka. Katika matumizi, nusu ya kwanza ya haki hiyo imeandikiwa sheria, kesi na habari za mbele. Nusu ya pili imesahaulika. Sheria ya Uganda ya usimamizi wa mikutano ya hadhara ya mwaka 2013 ilimtaka mwandaaji kutoa taarifa kwa polisi, na kifungu chake cha 8, kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Machi 2020. Katika miaka ile saba, aliyeumia zaidi alikuwa yule aliyetii. Mwanaharakati aliingia barabarani bila taarifa. Mzee wa kanisa aliandika taarifa yake, akaambiwa asubiri, akasubiri.

Matukio ya Juni 2024 nchini Kenya, ambapo vijana waliupinga Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa, na jaribio la vijana wa Kampala la kuandamana kuelekea Bunge mwezi Julai mwaka huohuo, ambalo lilikutana na ukamataji, yamezaa makongamano na makala kwa haraka. Ni haki yake. Lakini utafiti unaohesabu alama za mtandaoni na kauli za barabarani utawakosa wazazi wa vijana hao, ambao wengi wao walikuwa wakiulizana swali hilohilo la kodi kanisani na kwenye matanga. Sehemu ya nguvu za Juni ilitokana na kwamba wazazi hawakuwazuia watoto wao. Ukimya wao safari hii ulikuwa upande mwingine, na serikali iliuhesabu vibaya.

Kwa watunga sera, jambo la kushughulikia ni la kawaida sana, ndiyo maana huenda likapuuzwa. Kenya ina kifungu cha 119 cha Katiba na sheria ya mwaka 2012 kuhusu maombi kwa Bunge, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka huohuo inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti na kustahili jibu. Mkazi wa Busia anaweza kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ni lugha rasmi. Hatua chache kutoka hapo, Uganda iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini ikaacha mazingira ya matumizi yake yaamuliwe na Bunge kwa sheria. Tangu mwaka 2018 lori linalopita Busia hukaguliwa kwenye kituo kimoja cha pamoja cha mpakani. Mfanyabiashara anayelilalamikia lori hilo kuzuiliwa hana kituo kama hicho. Atachagua serikali moja, lugha moja na dirisha moja, na mara nyingi atachagua dirisha la wakala.

Kwa wahakiki kazi ni nyingine. Miongozo ya Kigogo inaweza kuandikwa upya ili mwanafunzi aulizwe kwa nini Kingi alikataa, na si tu kwa nini Tunu alisimama. Ripoti ya tume ya mwaka 1960 na waraka wa maaskofu wa mwaka 1977 zinastahili tafsiri za Kiswahili zilizohaririwa kwa umakini, zisomwe katika kozi za mtindo na balagha kama zinavyosomwa hotuba za wapigania uhuru. Na kamusi zitakazofuata zinaweza kuanza na kidahizo mhafidhina.